Dungeness: rasi ya changarawe isiyotulia

Kati ya mwaka 1615 na 1961, rasi moja ya kusini mashariki mwa Uingereza ilijengewa minara mitano ya kuongozea meli, kila mmoja ukichukua nafasi ya uliotangulia. Mnara wa namna hiyo haujengwi ovyo. Ni kazi ya gharama, na mahali pengi mmoja ukishasimama hutumika karne mbili au tatu. Hapa Dungeness, katika kaunti ya Kent, mnara wa kwanza haukumaliza hata robo karne. Haukuanguka wala haukuungua. Bahari iliuacha.

Iliuacha kwa maana kwamba ufuo ulizidi kuongezeka mbele yake. Moto wa makaa uliowashwa kileleni ukajikuta umebaki bara, mbali na ncha ya rasi, na nahodha aliyeutegemea angeweza kupanda nchi kavu akidhani bado ana maji mbele yake. Mwaka 1635 ukajengwa wa pili, karibu zaidi na maji, nao baada ya muda ukaachwa vilevile. Wa tatu ulichorwa na msanifu Samuel Wyatt ukawashwa mwaka 1792. Wa nne ni ule mweusi mrefu wa mwaka 1904, ambao mgeni anaweza kuupanda leo, ngazi 169 hadi juu. Wa tano, wa mwaka 1961, una kisa tofauti: safari hiyo mkosaji hakuwa bahari. Kituo cha umeme wa nyuklia kilichokuwa kikijengwa jirani kingeuziba mwanga wa mnara wa nne.

Wanaozuru Dungeness kwa mara ya kwanza huona vitu visivyohusiana. Mawe ya duara hadi upeo wa macho. Vibanda vyeusi vya mbao vilivyosimama bila uzio. Mashua zilizooza, reli ndogo kama ya watoto, na nyuma yake jengo kubwa la nyuklia. Wengi huandika kwamba ni mahali pa ajabu, wakaishia hapo. Mimi naona ajabu hiyo inaelezeka, na maelezo yake ni mamoja: ardhi yenyewe inahama, na kila aliyejenga juu yake amelazimika kushughulika na jambo hilo kwa njia yake.

Mawe yalikotoka

Tuanze na swali ambalo mtu wa pwani yetu angeliuliza kwanza: mchanga uko wapi?

Fuo za Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, zimetokana hasa na vitu viwili. Kimoja ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, ndiyo maana mchanga wa Unguja mashariki unang'aa kwa weupe. Kingine ni mchanga uletwao na mito kama Sabaki, Rufiji na Ruvuma. Tumbawe ni jiwe laini. Likigongwa na bahari miaka michache huwa unga. Kwa hiyo ufuo wetu kwa kawaida ni mchanga, na pale usipokuwa mchanga ni mwamba mkali wa matumbawe unaochana miguu.

Mawe ya Dungeness karibu yote ni gumegume, jiwe lile lile lililokuwa likitoa cheche kwenye bunduki za kale. Gumegume lilijijenga ndani ya chaki, chini ya bahari iliyofunika sehemu hizo zama za dinosaria. Silika kutoka kwenye mifupa ya sponji na viumbe wadogo iliyeyuka, ikasogea ndani ya tope jeupe, kisha ikagandamana kuwa madonge magumu. Chaki yenyewe ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Miamba myeupe ya Dover, upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo, ni chaki hiyo. Chaki inapoliwa na maji, gumegume hubaki.

Lakini miamba ya leo haiwezi kutoa mawe yote haya. Mengi ni urithi wa enzi ya barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita usawa wa bahari duniani ulikuwa chini ya wa leo kwa karibu mita 120, na mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ulikuwa nchi kavu. Barafu kuu haikufika Kent, ila ardhi iliganda na kuyeyuka mwaka hadi mwaka, chaki ikapasuka, mafuriko ya kiangazi yakakokota gumegume hadi mabondeni. Barafu ilipoyeyuka na bahari kupanda, mawimbi yaliyakuta mawe hayo yamelala tayari, yakayasukuma mbele hatua kwa hatua hadi yalipo. Rasi ilianza kujengeka takriban miaka 5,000 iliyopita, bahari ilipopunguza kasi ya kupanda.

Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua hatima ya mahali hapa. Changarawe za Dungeness ni mtaji wa kale. Zinazotumika ni nyingi kuliko zinazoingia.

Wimbi linalopanda na wimbi linaloshuka

Ufuo wa changarawe ni mkali kwa mteremko. Ukisimama Dungeness ukitazama maji, hutembei kuelekea baharini, unashuka. Na hatua chache tu kutoka ukingoni kina ni kirefu kiasi kwamba meli hupita karibu na nchi kavu kuliko mgeni anavyotarajia. Sababu yake ni rahisi. Kwenye mchanga, maji yaliyopanda hurudi juu kwa juu, yakikokota mchanga chini, na ufuo unalala bapa. Kwenye changarawe, wimbi hupanda na nguvu zake zote likiyabeba mawe, lakini linapotaka kurudi, nusu ya maji imekwisha kuzama katikati ya mawe. Kinachopandishwa ni kingi kuliko kinachoshushwa. Mawe yanarundikana, na dhoruba kubwa huyatupa juu zaidi hadi mahali ambapo hakuna wimbi la kawaida litakaloyafikia tena. Hapo linakuwa tuta.

Dungeness ina mamia ya matuta ya namna hiyo, yamepangana sambamba. Ukiyatazama kutoka juu ya mnara wa 1904 utaona mistari iliyopinda ikikata rasi yote, kila mmoja ukiwa ufuo wa zamani. Kutembea kutoka majini kwenda bara ni kurudi nyuma kwa miaka mamia kadhaa, tuta baada ya tuta.

Sasa mwelekeo. Upepo unaotawala huko unatoka kusini magharibi, na mawimbi yanayokuja nao yamekimbia umbali mrefu kutoka bahari ya Atlantiki. Yanaupiga upande wa kusini wa rasi kwa mshazari. Wimbi linapanda upande, linarudi likifuata mteremko, linapanda tena upande. Kila mara kijiwe kimesogea kidogo kuelekea mashariki. Kikifika nchani kinakata kona, na hapo mambo hubadilika: upande wa mashariki umekingwa na rasi yenyewe, na Ufaransa iko ng'ambo kilomita arobaini na ushee tu, hivyo mawimbi ya kutoka huko hayana nafasi ya kukua. Kijiwe kilichopita kona ni kama ngalawa iliyoingia nyuma ya kisiwa, upepo umekatika na tanga limelegea. Kinatua, na kingine kinatua juu yake.

Ndiyo siri ya minara. Upande wa kusini unaliwa, upande wa mashariki unanenepa, na kwa jumla rasi nzima inajisogeza mashariki. Mnara uliojengwa ukingoni hautabaki ukingoni.

Hapa mtu wa pwani ya Waswahili ana cha kulinganisha. Sisi tuna pepo mbili. Kusi likivuma husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia hurudisha sehemu yake. Hesabu hailingani sawasawa, na wakazi wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wanajua ufuo unavyoweza kuliwa hadi nyumba ikaning'inia. Lakini angalau kuna msimu wa kurudisha. Dungeness haina kaskazi yake. Kilichokwenda kimekwenda.

Na hilo si jambo la rasi tu. Nyuma ya ngome hii ya mawe kuna tambarare pana la Romney Marsh, mabwawa ya zamani yaliyokaushwa yakawa malisho ya kondoo. Tufani ya mwaka 1287 iliijaza bandari ya New Romney changarawe na matope, mto Rother ukahama njia yake ukatokea Rye. Mji uliokuwa bandari ukawa mji wa bara, hadi leo.

Si jangwa

Magazeti ya Uingereza hayachoki kuiita Dungeness jangwa pekee la nchi hiyo. Ni maneno ya kuuza safari. Mamlaka ya hali ya hewa ya huko imekwisha kulikana dai hilo, na haina haja ya hoja nyingi: kwa kipimo cha kawaida jangwa ni mahali pasipofikia milimita 250 za mvua kwa mwaka, na Dungeness hupata zaidi ya maradufu ya hizo.

Kinachowadanganya watu ni kwamba hawaoni maji. Mvua ikinyesha juu ya changarawe haisimami hata dakika, inapenya yote. Lakini haipotei. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa chini ya mawe yakielea juu ya maji ya bahari bila kuchanganyika sana. Mtu aliyekulia karibu na kisima cha pwani analijua hili vizuri: unachimba hatua chache kutoka baharini unapata maji ya kunywa, ukichota kwa pupa yanaanza kuwa ya magadi. Maji ya chini ya Dungeness yamekuwa yakivutwa kwa matumizi ya miji ya karibu.

Juu yake kumehesabiwa takriban aina 600 za mimea, karibu theluthi moja ya aina zote za Uingereza. Mmea unaotangulia ni Crambe maritima, wa jamii ya kabichi, wenye majani mazito ya kijivu yaliyopakwa nta na mizizi inayozama chini sana ikitafuta unyevu. Huota karibu kabisa na maji, mahali ambapo mwani uliotupwa na dhoruba umeoza kati ya mawe ukawa mbolea. Kila ukienda bara, tuta likiwa la zamani zaidi, mimea hubadilika: nyasi, kisha likeni zile za kijivu zinazojibandika juu ya mawe kama gamba, kisha vichaka vya miiba ambavyo penginepo vingesimama kimo cha mtu lakini hapa vimelala chini kabisa, kwa sababu kila tawi lililojaribu kuinuka limekaushwa na upepo wa chumvi.

Likeni hizo ndizo dhaifu kuliko vyote. Gari likipita juu yake mara moja, alama ya matairi hubaki miongo kadhaa. Ziko njia za magari ya jeshi za Vita Kuu ya Pili ambazo bado zinaonekana. Kwa hiyo kibao kinachokuambia ufuate njia hakikuwekwa kwa ukali wa bure.

Mtengeneza filamu Derek Jarman alinunua kibanda cha mvuvi hapo miaka ya 1980, cheusi chenye fremu za madirisha ya manjano, akapanda bustani ndani ya changarawe. Alichimba mashimo, akaweka samadi chini, akarudisha mawe juu. Mawe huzuia jua kukausha unyevu, na mmea ukishaufikia udongo ule hauhitaji mengi. Kati ya maua akasimamisha magogo yaliyookotwa ufuoni na vyuma vilivyoliwa na kutu. Hakuweka ua wala uzio, bustani inaishia pale mawe yanapoendelea. Alifariki mwaka 1994, na mwaka 2020 michango ya watu iliyozidi pauni milioni 3.5 iliinunua nyumba hiyo isije ikauzwa kwa mtu binafsi. Bado ni nyumba ndogo tu ya mbao, na wageni wanaombwa wasichungulie madirishani, ombi ambalo sijui ni wangapi hulitii.

Kuishi juu ya mawe

Kutembea juu ya changarawe kunachosha haraka. Mguu unazama, unateleza, kila hatua unapoteza nusu yake. Wavuvi wa zamani walijifunga vibao chini ya viatu ili wasizame. Mashua hazina gati. Zinavutwa hadi juu ya tuta kwa winchi, na kushushwa kwa kutelezeshwa juu ya mbao.

Hapo ndipo wanawake wa Dungeness walipopata sifa. Mashua ya uokoaji ilikuwapo hapo tangu karne ya 19, na kwa vile wanaume waliokuwa nchi kavu ndio waliopanda kuiendesha, kazi ya kuikokota hadi majini iliwaangukia wake zao, mama zao na binti zao. Walipanga mbao zilizopakwa mafuta juu ya mawe, wakavuta kamba, usiku, wakati wa tufani, maana nje ya tufani nani anahitaji kuokolewa? Wakati huo huo ilibidi kukimbia kuzitoa mbao zilizopitwa nyuma na kuzitanguliza mbele. Waliendelea na kazi hiyo hadi nusu ya pili ya karne ya 20, matrekta yalipochukua nafasi. Kituo cha uokoaji kingali kinafanya kazi, na miaka ya karibuni mashua yake imekuwa ikiwaleta pwani watu wanaovuka kutoka Ufaransa kwa vyombo dhaifu vya mpira.

Nyumba nyingi nazo zina asili isiyo ya kawaida. Miaka ya 1920 wafanyakazi wa reli walinunua mabehewa makuukuu, wakayakokota hadi ufuoni na kuyageuza makao. Baadhi yamo mpaka leo ndani ya nyumba zilizojengwa kuyazunguka. Kwenye ardhi kama hii lilikuwa wazo la busara: behewa halina msingi wa kuchimba.

Kwa mwenye kutaka kwenda, njia yenye kufurahisha ni kupanda treni ndogo kutoka mji wa Hythe. Reli hiyo, yenye upana wa milimita 381 tu, ilifunguliwa mwaka 1927 na kufikishwa Dungeness mwaka uliofuata. Ni safari ya kilomita 22 hivi, ikipita nyuma ya bustani za watu na nguo zilizoanikwa. Msimu wa baridi haiendi kila siku, hivyo ulizia kwanza. Vaa viatu vizito. Chukua koti la upepo hata kama London uliondoka kwenye jua, maana hakuna mti wa kujikinga nyuma yake. Usiogelee nchani: mteremko ni wa ghafla na mkondo una nguvu. Usiondoke na mawe mfukoni. Mwenye kupenda ndege aende mwezi wa Aprili, mbayuwayu wanapofika kutoka Afrika; rasi ikiwa imejitokeza baharini kiasi kile, ni miongoni mwa nchi kavu za kwanza wanazozigusa baada ya kuvuka maji.

Malori

Limebaki jengo la nyuklia, ambalo wengi hulipiga picha wakishangaa nani aliyeliweka hapo. Wapangaji wake walikuwa na sababu: watu wachache, maji baridi mengi ya kupoza mitambo, kina kirefu karibu na ufuo, na mji mkuu wenye njaa ya umeme si mbali. Kituo cha kwanza, Dungeness A, kilianza kutoa umeme mwaka 1965 kikafungwa mwishoni mwa 2006. Cha pili, B, kilianza kujengwa mwaka huo huo wa 1965 lakini kikachelewa hadi 1983 kutoa umeme wake wa kwanza. Kilizimwa mwaka 2018, na mwaka 2021 kampuni ya EDF ikatangaza kwamba hakitawashwa tena.

Tatizo ni upande vilipojengwa. Viko kusini, upande unaoliwa.

Suluhisho lililopatikana halina ufundi wowote wa kujivunia. Malori huchota changarawe upande wa mashariki, zilikorundikana, yanazirudisha kusini na kuzimwaga mbele ya kituo. Mawimbi yanazichukua tena kuzipeleka mashariki. Kiasi kinachotajwa ni mita za ujazo 30,000 kwa mwaka, na kazi hiyo imeendelea tangu miaka ya 1960. Hata hivyo mwaka 2013 kituo B kilisimamishwa kwa muda ili kinga dhidi ya mafuriko iimarishwe.

Zamani bahari ingeleta mawe mengine kutoka magharibi. Siku hizi kuta za bandari na vizuizi vya ufuo wa miji ya upande huo vimeyashika njiani, kila mji ukilinda ufuo wake, na rasi imebaki kujila yenyewe. Kuzima mtambo hakusimamishi malori pia. Kubomoa kituo cha nyuklia na kusafisha eneo lake ni kazi ya miongo mingi, na muda wote huo kuna vitu ndani ya majengo yale ambavyo havipaswi kufikiwa na maji. Kwa hiyo changarawe zitaendelea kuchotwa mashariki na kumwagwa kusini mbele ya mitambo isiyotoa hata wati moja ya umeme.